UZI: Kanisa la abasia ya Saint-Denis, mnara uliovunjwa 1847, na kwa nini mimi naunga mkono usimamishwe tena

Jiwe_la_Msingi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Tangu Notre-Dame ya Paris iungue Aprili 2019 mpaka ikafunguliwa tena Desemba 2024 watu wamekuwa wakiulizia sana makanisa ya kale ya Ufaransa, ila kila mjadala unaishia Notre-Dame hiyohiyo. Leo naomba niwapeleke kilometa chache tu kaskazini mwa Paris, kwenye mji wa Saint-Denis (ndiko ulipo ule uwanja wa Stade de France), maana pale kuna kanisa lililotangulia Notre-Dame kwa miaka karibu 20 na ndo lilifungua njia ya ule ujenzi wa matao yaliyochongoka na madirisha makubwa ya vioo vya rangi tunaouita Gothiki.

Ukisimama mbele ya kanisa lile, uso umelitazama, jicho lako linaenda moja kwa moja kwenye pengo. Kulia mnara upo, kushoto hakuna kitu. Kwa karibu miaka 180 limekaa hivyo. Sasa hivi kuna kazi ya kuusimamisha tena huo mnara wa kaskazini na wataalamu wamegawanyika vibaya sana. Mimi nina msimamo wangu ila kabla sijausema inabidi tujue kanisa lilisimamaje na mnara uliangukaje, kwa sababu huwezi kubishana kuhusu ukarabati bila kujua mzigo unapita wapi. Nitaandika kwa vipande, mniwie radhi kwa urefu.

KIPANDE CHA KWANZA: ABATE SUGER

Kanisa limejengwa juu ya kaburi linaloaminika ni la Mtakatifu Denis, askofu wa kwanza wa Paris, aliyeuawa kwa ajili ya imani karne ya 3. Mfalme Dagoberti wa Kwanza alizikwa hapo mwaka 639 na kuanzia karne ya 10 wafalme wa Ufaransa karibu wote wakazikwa hapo. Kanisa lililokuwepo kabla ya hili la sasa liliwekwa wakfu mwaka 775 mbele ya mfalme Charlemagne, na kufikia karne ya 12 lilikuwa limezidiwa na watu. Suger aliyechaguliwa kuwa abate, yaani mkuu wa abasia (nyumba ya watawa), mwaka 1122 aliandika mwenyewe jinsi siku za sikukuu watu walivyokuwa wanabanana mpaka wanawake wanakanyaga vichwa vya wanaume kama sakafu ili wafike altareni, na watawa wanaoonyesha masalia matakatifu wanalazimika kutorokea madirishani.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kujenga ilikuwa ya kawaida kabisa, nafasi haitoshi.

Alianza na upande wa mbele, magharibi, milango 3 mikubwa na minara 2 juu yake na dirisha la duara katikati, ukawekwa wakfu 9 Juni 1140. Mwaka huohuo akaingia upande wa altare na kufikia 11 Juni 1144 umekamilika na kuwekwa wakfu, miaka minne tu! Kwa mikono na kamba na mikokoteni. Mawe mazuri ya nguzo yalipatikana machimbo ya karibu na Pontoise, na Suger anasimulia kwamba wakubwa kwa wadogo walijifunga kamba wakayavuta wenyewe. Mbao nazo mafundi walimwambia misitu ya karibu haina tena miti minene, akaondoka na watu wake kuingia msituni kutafuta mwenyewe na kabla siku haijaisha wakapata 12 aliyokuwa anaihitaji. Mtu huyu alikuwa mshauri wa wafalme wawili lakini ukisoma maandishi yake unaona aliyekuwa anajua bei ya boriti.

Binti_wa_Pangani

Endelea mkuu tupo. Swali dogo, hiyo Gothiki ilianzaje hapo, kwani matao yaliyochongoka hayakuwepo kabla? Mbona misikiti ya zamani huko mashariki ina matao ya hivyo?

Jiwe_la_Msingi

@Binti_wa_Pangani swali zuri sana na uko sahihi, tao lililochongoka lilikuwepo zamani katika majengo ya Kiislamu, na Ulaya kwenyewe abasia ya Cluny kule Burgundy ilishalitumia kabla ya Suger. Mbavu za mawe kwenye dari nazo zilishatumika Durham, Uingereza. Kilichofanyika Saint-Denis ni kuvikutanisha vitu hivyo sehemu moja kwa shabaha moja ambayo ni mwanga.

Iko hivi. Dari ya mawe ni nzito na tao la mviringo linasukuma kuta kwenda nje kwa nguvu, ndo maana makanisa ya kabla yake yana kuta nene na vidirisha vidogo. Tao lililochongoka linasukuma nje kwa nguvu ndogo zaidi na mzigo wake mwingi unashuka chini. Halafu ukiweka mbavu za mawe kwenye dari, kama vijiti vya mwavuli, uzito unakusanywa na kupelekwa kwenye nguzo badala ya kukaa juu ya ukuta mzima, na ukuta ukishapunguziwa kazi unaweza kuutoboa ukaweka kioo. Upande wa altare wa Saint-Denis una njia mbili za kuzunguka na vikanisa vidogo pembeni, ila hakuna kuta za kuvitenganisha, ni nguzo nyembamba tu na madirisha, kwa hiyo mwanga unapita kutoka dirisha la nje mpaka katikati bila kuzuiwa. Kwa Suger mwanga ulikuwa teolojia, mtu anaanza na mwanga wa jua anapandishwa mpaka kwenye mwanga wa Mungu.

Na kuna tukio moja nataka mlishike kichwani kwa sababu tutarudi kwenye upepo. Kabla dari ya juu haijaunganishwa ikaja dhoruba kali wakati askofu wa Chartres anaadhimisha misa. Matao yalikuwa yamesimama peke yake hewani, hayajashikwa na kitu, Suger anasema yalikuwa yanatikisika kabisa na askofu akawa ananyoosha mkono kubariki kuelekea kule. Majengo mengine maeneo yale yalianguka, matao hayakuanguka.

MzeeWaKariakoo

Hiyo sehemu ya Suger bado ipo au ndo imeisha?

Jiwe_la_Msingi

Ipo kiasi mzee wangu. Mbele ipo, chini kwenye kripta (vyumba vya chini ya altare) ipo, na ile njia ya kuzunguka altare na vikanisa vyake ipo. Ila sehemu ya juu ya altare ilibomolewa kuanzia 1231 chini ya abate Eudes Clément, wakajenga upya juu pamoja na ukumbi mkuu na mikono ya msalaba, kazi ikamalizika 1281. Na hapo mafundi walifanya jambo ambalo mimi naliheshimu sana, walibadilisha nguzo za duara la ndani wakaweka zenye nguvu zaidi huku dari ya Suger ya pembeni inabaki palepale juu. Fikiria kushikilia dari ya mawe kwa magogo, unatoa nguzo, unaingiza nyingine, karne ya 13!

Hiyo sehemu mpya ya 1231 ndo inayofanya watu wafungue mdomo wakiingia. Urefu wa kanisa ni mita 108, dari iko mita 29 juu, na ukuta karibu umetoweka, hata ile baraza nyembamba ya katikati ambayo makanisa ya kabla yake iliachwa giza hapa imewekewa vioo kwa nyuma. Nje kuna matao ya kuegemeza yanayopokea msukumo wa dari na kuushusha ardhini, bila hayo vioo vyote hivyo visingesimama.

KIPANDE CHA PILI: MAPINDUZI YA UFARANSA

Nitapita haraka hapa maana inauma. Watawa waliondolewa 1792. Agosti 1793 wakaanza kuvunja makaburi, Oktoba wakafungua majeneza ya wafalme na malkia, miili ikatupwa kwenye mashimo pembeni ya kanisa na kumwagiwa chokaa. Paa lilikuwa la madini ya risasi, likang'olewa likayeyushwe kwa ajili ya vita. Sasa jengo la mawe bila paa ni suala la muda tu, mvua inaingia kwenye maungo, chokaa inatoka, baridi inagandisha maji ndani ya nyufa na nyufa zinapanuka. Lilibaki hivyo miaka mingi na kuna wakati liligeuzwa ghala.

Makaburi yenyewe, yaani zile sanamu za marumaru na mawe zilizolala, sehemu kubwa iliokolewa na Alexandre Lenoir aliyezihamishia Paris kwenye makumbusho yake. Leo zimerudi, zipo zaidi ya 70, na huwezi kuona mkusanyiko wa namna hiyo wa sanamu za makaburi popote pengine Ulaya. Mwaka 1815 Louis wa 18 akarudisha masalia ya Louis wa 16 na Marie-Antoinette, na 1817 mifupa ya kwenye yale mashimo ikakusanywa ikawekwa chumba kimoja kwenye kripta kwa sababu haikuwezekana tena kujua huyu ni nani na yule ni nani.

KIPANDE CHA TATU: MNARA

Napoleon aliamuru kanisa likarabatiwe mwanzoni mwa karne ya 19 na mwaka 1813 kazi ikakabidhiwa kwa msanifu François Debret. Alikaa hapo miaka 33.

Tarehe 9 Juni 1837 radi ikapiga kilele cha mnara wa kaskazini, kilichokuwa kinapanda zaidi ya mita 80 toka chini. Debret akakivunja kilele akakijenga upya, na alikijenga kwa mawe mazito kuliko yale ya mwanzo. Kwa macho kilikuwa kizuri, watu wakasifia. Lakini chini yake kulikuwa na kuta za Suger za karne ya 12 zilizokuwa zimeshazoea mzigo fulani kwa miaka 600, msingi wake nao ni uleule. Ukaongeza tani juu yake. Nyufa zikaanza. Wakaziba, zikarudi, wakaweka vyuma, zikarudi, na ilipokuja dhoruba ya 1845 hali ikawa mbaya kiasi kwamba serikali iliogopa mnara ungeangukia kanisa. Mwaka 1846 wakaanza kuvunja kilele, 1847 mnara wote ukashushwa. Debret akajiuzulu na nafasi yake akapewa Viollet-le-Duc, kijana wa miaka 32 tu aliyekuwa ameshajipatia jina kwa kuokoa kanisa la abasia ya Vézelay.

Kwa hiyo radi haikuua mnara ule. Uliuawa na ukarabati.

FundiChokaa_Zenji

Assalaam alaykum. Mimi ni mwashi, nafanya kazi za nyumba za zamani Mji Mkongwe, na hicho kipande cha Debret nimekisoma mara mbili. Haya mambo tunayaona kila siku. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, na unakubali kucheza kidogo bila kupasuka. Anakuja mwenye nyumba anataka lipu ya saruji kwa sababu ni ngumu na inakauka upesi, baada ya miaka michache unyevu umenasa ndani, jiwe linaoza nyuma ya lipu na wewe huoni. Au anaongeza ghorofa ya zege juu ya ukuta wa babu yake. Kigumu juu ya kilaini, kizito juu ya kilichochoka, ndivyo mnavyomaliza nyumba. Na sote hapa tunakumbuka Beit el Ajaib ilivyoporomoka 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, watu 2 wakafa, Mungu awarehemu. Sisemi sababu ni hiyohiyo, hilo lina wenyewe, nasema jengo kongwe ukiligusa tu umeshabadilisha mizani yake.

Jiwe_la_Msingi

Waalaykum salaam fundi, umeeleza kuliko mimi. Hicho cha kubadilisha mizani ndo kiini.

Kalamu_ya_Mkaa

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo na hapa napingana na mwanzisha uzi kabla hajasema msimamo wake maana nimeshauona kwenye kichwa cha habari. Mkataba wa Venice wa 1964 (kanuni za kimataifa za kutunza majengo ya kale) uko wazi, ukarabati unakoma pale ambapo kukisia kunaanza. Mnara haupo toka 1847. Viollet-le-Duc mwenyewe alikaa hapo mpaka alipofariki 1879 na hakuurudisha. Kizazi chote cha watu wa Saint-Denis kimezaliwa na kufa kikilijua kanisa lenye mnara mmoja, na hilo pengo nalo ni historia, linasimulia radi na kosa la Debret. Ukiujenga leo utakuwa mnara wa karne ya 21 uliovaa nguo za karne ya 12, mtalii atapiga picha akidhani anaona kazi ya zama za Suger. Na kuna jambo la pesa, makadirio ni makumi ya mamilioni ya euro, wakati ukuta wa zamani uliopo na vioo vilivyopo vinahitaji matunzo kila mwaka. Kipi kinatangulia, kilichopo au kisichokuwepo?

Jiwe_la_Msingi

@Kalamu_ya_Mkaa hoja zako ni nzito na ni zilezile ambazo wataalamu wakubwa Ufaransa wamezitoa, sitazipuuza. Naanza na ya pesa maana hapo nakuunga mkono nusu, jengo lililopo litangulie siku zote, na kama ningeambiwa nichague kati ya kuokoa dirisha moja la Suger na mnara mzima mpya ningechukua dirisha. Ila fedha za mradi huu zimetafutwa kwa ajili yake, si kwamba zimekatwa kwenye vioo.

Sasa kuhusu kukisia. Hapa ndo tunapishana kabisa. Mnara haukuanguka usiku mmoja ukawa vumbi, ulivunjwa kwa mpango, jiwe kwa jiwe, na ulichorwa. Viollet-le-Duc aliacha michoro ya kina, baadhi ya mawe yalihifadhiwa, kuna picha nyingi za wachoraji toka kabla ya radi, na mnara ulikuwa na umbo linaloeleweka kijiometri. Linganisha na zile sanamu za wafalme na malkia wa kale zilizokuwa zimesimama kwenye milango ya mbele, ziliondolewa 1771, zimebaki michoro ya karne ya 18 na vichwa vichache vilivyosambaa, baadhi viko Paris makumbusho ya Cluny na vingine viko Marekani. Hizo mtu akisema tuzichonge upya mimi nitakuwa wa kwanza kupinga, maana mikunjo ya nguo na sura ya uso huwezi kuipata kwenye mchoro. Mnara ni kitu kingine.

Na Viollet-le-Duc hakuacha kuurudisha kwa sababu ya kuheshimu pengo. Yeye alikuwa na wazo kubwa zaidi, alitaka kujenga upande mzima wa mbele upya kwa mtindo wake! Tunashukuru hakupata nafasi. Nguvu zake nyingi zikaenda ndani ya kanisa, kupanga makaburi yaliyorudi na kuondoa yale aliyoona ni makosa ya waliomtangulia.

Hoja ya tatu ambayo kwangu ndo kubwa ni mikono. Kazi imeanza kupanda 2025, na kabla ya hapo ilibidi msingi uimarishwe na waakiolojia wachimbe chini, wakakuta makaburi mengi ya kale. Wanaochonga mawe wanachonga palepale karibu na kanisa. Mwashi akishajenga mnara mzima kwa chokaa na jiwe, toka chini mpaka kileleni, anakuwa anajua kitu ambacho hakuna kitabu kitamfundisha, na ndo huyo atakayeitwa kesho jengo jingine likipata ufa. Ukarabati wa viraka tu hauzai fundi wa namna hiyo.

FundiChokaa_Zenji

Hapo kwenye mikono nakuunga asilimia mia. Kwetu mafundi wa kuchoma chokaa na kuchora plasta wamebaki wazee, vijana wanakimbilia tofali za saruji kwa sababu ndiko kuna hela. Fundi hakai bila kazi ya kufanya.

Mushi_Bukavu93

Jambo yenu bote. Mimi niko nakaa hapa Saint-Denis, nilitoka Bukavu. Nataka tu niongeze kitu juu mnaongea kama ile kanisa ni makumbusho. Si makumbusho tu. Toka 1966 ni kanisa kuu la jimbo, askofu ako hapo, na misa ya siku ya Mungu inajaa Wakongomani, Waafrika ya magharibi, watu wa Antilles (visiwa vya Karibi), Watamil, Wareno. Soko kubwa iko pembeni kabisa, siku ya Pili, ya Tano na ya Mungu (ninyi mnasema Jumanne, Ijumaa na Jumapili), unanunua ndizi na muhogo halafu unainua macho unaona milango ya Suger. Hii mji watu banaisema vibaya kwa televisheni. Kwa hiyo sisi wa hapa, wengi tunataka ule mnara. Si kwa watalii. Tunataka kitu kizuri kijengwe huku kwetu, si kila siku Paris ndani.

Kalamu_ya_Mkaa

@Mushi_Bukavu93 hii sikuiweka kwenye mizani kabisa na nakubali ina uzito, jengo ni la wanaolisalia kwanza. Bado nasimama kwenye hoja ya ukweli wa jengo. Angalau mawe mapya yawekewe alama, mtu akiangalia karibu aone hili ni la sasa. @Jiwe_la_Msingi hilo unalikubali?

Jiwe_la_Msingi

Nalikubali bila kusita. Tarehe ichongwe kwenye jiwe, na michoro yote ya kazi ihifadhiwe iwe wazi kwa umma. Suger mwenyewe aliandikisha jina lake na mwaka kwenye mlango wake wa mbele, na kwenye kioo akachorwa amelala miguuni pa Bikira Maria, hakuficha nani alijenga na lini. Shida ya Debret kwenye sanamu za milango ilikuwa hiyohiyo, alichonga upya vichwa na kusugua za zamani, mpaka msomi wa wakati huo Didron akamshambulia hadharani, na karne iliyofuata ikabidi mtafiti Sumner Crosby wa Yale atumie miaka na miaka kuchunguza kipi ni cha Suger na kipi ni cha Debret. Hilo lisirudiwe.

Na sharti langu la pili ni uzito. Jiwe liwe la aina inayoendana na la kale, chokaa iwe chokaa, na kuta za 1140 zipimwe mwendo wake kila hatua mnara unapopanda. Ikionekana ufa, kazi isimame, hata kama kuna waziri anasubiri kukata utepe.

Binti_wa_Pangani

Nitakuwa Paris mwezi wa nane kwa dada. Nifikeje na nianzie wapi?

Jiwe_la_Msingi

Panda metro namba 13, shuka kituo cha Basilique de Saint-Denis, ni mwendo wa dakika chache tu. Ukumbi mkuu unaingia bure, upande wa makaburi na kripta ni kwa tiketi, na usiiache hiyo tiketi maana njia ya Suger ya kuzunguka altare iko huko. Nenda asubuhi jua likiwa mashariki, vioo vya upande wa altare vinawaka. Kwenye makaburi mtafute Louis wa 12 na Anne wa Bretagne, wamechongwa mara mbili, juu wamepiga magoti wanasali na chini wamelala maiti. Kisha toka nje usimame mbele, kushoto, utaona mafundi wamefika wapi. Ukipiga picha weka humu na tarehe, tutazilinganisha mnara ukiendelea kupanda.